Saa Nane Mchana Watoto Wako Wapi?

Kiwanda cha minofu ya samaki kilipofunguliwa pale Mwanza, Dorcas alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata kazi. Alivaa buti nyeupe na kofia, akasimama mezani tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, akichuna ngozi ya sangara. Baridi ya mle ndani ilimuuma vidole, lakini kazi aliipenda. Mumewe, Masele, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba. Akavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda machimboni Geita, na nyumbani alionekana kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Walikuwa na watoto wawili. Rebeka alisoma darasa la nne, Kija darasa la kwanza. Walitoka shule saa nane mchana. Sasa, kuanzia saa nane mpaka mama arudi, nani akae nao?

Dorcas hakuona shida yoyote. Shangazi yake Masele, bibi mchangamfu aitwaye Odeta, aliishi karibu na ziwa. Jumapili moja baada ya ibada, Dorcas alikwenda kumsalimia na kilo ya sukari mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Shangazi, naomba watoto wakitoka shule wawe wanakuja hapa. Nitawapitia jioni."

Shangazi aliigeuzageuza ile sukari mikononi. "Ni wajukuu zangu hao," akasema. "Walete."

Basi, yakaisha hapo. Dorcas hakuuliza lolote. Angeanzaje? Mke amhoji shangazi wa mumewe, ukoo mzima ungepata habari kabla ya jua kuzama. Shangazi naye hakueleza lolote, maana nani anakataa wajukuu? Siku hiyo adabu ilijaa nyumba nzima, lakini maswali hayakuwapo.

Miezi minne ikapita. Kija akaanza kulalamika tumbo. Dorcas alidhani ni minyoo. Asubuhi moja akaona damu kwenye choo cha mtoto. Akaomba ruhusa kazini, akambeba mpaka zahanati.

Nesi Dorotea alipima choo, kisha akawaita.

"Ni kichocho, mama. Dawa ipo, atapona. Lakini kichocho hiki hupatikana kwenye maji ya ziwa, pale penye majani na konokono. Mtoto anacheza ziwani?"

"Hapana! Akitoka shule yuko kwa shangazi."

"Na shangazi saa hizo yuko wapi?"

Hilo Dorcas alikuwa hajawahi kuliuliza. Hakujua.

Kija ndiye aliyejibu. "Bibi yuko mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofika, anaanika dagaa. Sisi tunaogelea. Rebeka ananishika mkono. Ila siku ile ya mvua niliteleza, nikanywa maji mengi. Rebeka akanivuta."

Dorcas alimvuta Kija kifuani. Mwanawe alikaribia kuzama, naye alikuwa kiwandani anachuna sangara bila wasiwasi wowote! Alilia palepale mbele ya watu.

Nesi alimwacha alie. Kisha akasema polepole, "Mama Rebeka, wengi tunakosea hapo. Tunaangalia mtu ni nani kwetu. Hatuangalii saa nane mchana anafanya nini. Ukitafuta mahali pa kumwacha mtoto, nenda saa zilezile ambazo watoto wapo, wala usitoe taarifa. Tazama kama kuna mtu mzima, na anaangalia watoto wangapi. Tazama choo na maji ya kunywa. Uliza nani anaruhusiwa kuwachukua. Na kila jioni muulize mtoto mwenyewe siku yake ilikuwaje. Mtoto ana macho."

"Na shangazi nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli. Kwa adabu."

Jioni hiyo Dorcas alipiga magoti mbele ya shangazi, akaeleza yote. Alitegemea kufokewa. Badala yake, shangazi alijifuta machozi kwa pindo la khanga.

"Mwanangu, tangu siku ya kwanza nilitaka kukwambia. Saa nane mimi niko mwaloni. Nisipoanika jua likiwa kali, dagaa wanaoza. Lakini ningesemaje kwamba watoto wa Masele siwezi kuwaangalia?"

Wakatazamana. Wakaanza kucheka, hali machozi bado yanawatoka.

"Siku yako ya mapumziko twende wote tukatafute," shangazi akasema.

Walikwenda saa tisa mchana, bila kumwambia mtu. Kwanza walifika kwenye nyumba ya tuisheni yenye kibao kizuri sana. Ndani walikuta watoto kama arobaini kwenye chumba kimoja, wanarushiana viatu. Mwalimu alikuwa ametoka kidogo.

"Twende zetu," shangazi akasema.

Kisha wakabisha hodi kwa Sihaba, yaani Mama Najat, fundi cherehani. Alikuwa barazani anashona. Watoto sita walikaa mkekani mbele yake, wanakula viazi vitamu na daftari zao pembeni. Ua ulikuwa na mlango wenye komeo. Dorcas aliuliza maswali yake huku anaona haya.

"Uliza tu, mama," Sihaba akamwambia. "Anayeniogopesha ni yule anayeniachia mtoto bila kuuliza kitu. Haya, niambie, nani atawachukua?"

"Mimi au shangazi huyu."

Sihaba akayaandika majina mawili.

Kija alimeza dawa, tumbo likapona, na sasa jioni alirudi nyumbani kutoka kwa Sihaba amekwishafanya hesabu zake.

Siku moja Dorcas alipotoka kazini kuwapitia watoto, alimkuta Masele ameketi mkekani kwa Sihaba, amenuna, Kija akiwa mapajani mwake.

"Dorcas! Nimetoka Geita nina hamu na wanangu, na mama huyu ananinyima! Wananiita baba, anasikia kabisa, lakini ananiambia jina langu halimo, nikae nikungoje. Saa nzima!"

"Samahani, baba," Sihaba akasema, sindano mdomoni. "Aliyenikabidhi watoto ni mama yao."

Dorcas alitaka kuomba radhi, lakini furaha ilimjaa kifuani, akashindwa. Masele alimtazama mkewe, akamtazama Sihaba, akatazama komeo la mlango. Uso wake ukalainika.

"Kama mimi baba yao nimenyimwa," akasema, "basi hapa hawaibiwi na mtu. Mama Najat, niandike jina langu. Naitwa Masele."

Sihaba akamgeukia Dorcas. "Nimwandike?"