Mikono Mitatu Iliyobeba Siri ya Binti Yangu

Uvumi ule ulinikaa kichwani kama moshi kwenye nguo: eti msichana mmoja alituma siri kwa simu, ikafika kwa bosi wake.

Binti yangu anafanya kazi katika kiwanda cha rangi. Wenzake wanakohoa mpaka damu. Mchana ule nilikuwa napiga pasi, mvuke unapanda, mwenyewe niko kama usingizini. Akaniambia, "Mama, nawaambia wakaguzi wa serikali. Kuna mtandao ambamo simu za watu hupokezana ujumbe. Jina langu halionekani."

"Simu za nani?"

"Nimechagua tatu za kupitishia ujumbe wangu. Zina kasi, na zimesifiwa kuliko zote."

Nilizima pasi, nikamwita shemeji, fundi simu wa mlango wa pili.

"Shemeji, mtoto huyu atanimaliza!"

"Mbona umeanza kuisha zamani," akacheka. Akaitazama simu ya binti, kicheko kikakatika. "Mwanangu, nani kazisifu hizi?"

"Watu, baba mdogo."

"Watu gani? Zinasifiana zenyewe! Zote zimeingia mtandaoni juzi, siku moja. Huyu ni mtu mmoja mwenye kofia tatu."

"Lakini ujumbe umefungwa kwa namba za siri. Hawezi kuusoma."

"Hana haja. Simu ya kwanza inajua umetoka kwako. Ya mwisho inajua unakwenda kwa wakaguzi. Zikiwa za mtu mmoja, si anaunganisha tu?"

Binti akakaa kitako. Nami, macho wazi, niliuona ujumbe wake ukielea kama pamba, mkono hadi mkono, na kila mkono una pete ileile.

Wakachagua upya: simu zilizodumu miaka mtandaoni, za wenyewe tofauti, miji tofauti.

"Ujumbe unatambaa kama konokono," binti akanung'unika.

"Konokono hajafukuzwa kazi," shemeji akajibu.

Wakaguzi walikuja. Sasa madirisha ya kiwanda yako wazi, na kila mfanyakazi ana barakoa. Bosi aliuliza nani kasema. Mpaka leo anauliza.

Wazazi wenzangu, waambieni watoto waepuke haya:

Kuchagua kwa kasi peke yake.

Kuamini sifa bila kujua nani anasifu.

Simu ya kwanza na ya mwisho kuwa za mtu mmoja.

Simu zilizoingia mtandaoni juzi.

Kubadili ile ya kwanza kila siku. Ukipata ya kuaminika, kaa nayo; kila mpya huenda ikawa ya mwenye kofia tatu.

Na kuandika ndani ya ujumbe jambo uliloliona wewe peke yako. Hapo hakuna mtandao utakaokuficha.