Zimebaki Tatu Tu

Stendi ya Same, basi la Dar likiwa linaunguruma, Hedwiga alimtupia Loth furushi akidhani ndiye kondakta. Gauni lake la kitenge cha njano lilinukia tangawizi kuliko manukato.

"Kaka, hii inashuka Mbezi. Usiikalie."

"Mimi si kondakta, dada. Natengeneza maduka ya mtandaoni."

"Basi rudisha mzigo wangu." Akamtazama tena. "Au nitengenezee langu la tangawizi. Watu wanajaza kapu kwenye simu, wakifika pa kulipa wanayeyuka."

Loth akaufungua ukurasa wa malipo, akaona maradhi. Mteja alitakiwa abuni nywila, aandike barua pepe, ataje na mtaa, yote hayo kwa kidole gumba. Akayafuta. Yakabaki jina, namba ya simu, nafasi ya maelekezo na kitufe kikubwa cha kulipa. Waliotelekeza makapu wakapungua, na Hedwiga akawa anampigia kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nilikuwa nakusubiri uniulize."

"Mwongo mtamu wewe."

Neno hilo lilimchoma. Kwa tamaa ya kumpendeza, alikuwa ameweka mstari mwekundu juu ya kitufe: Zimebaki pakiti tatu tu. Stoo ilikuwa imejaa. Hedwiga aliona oda tu, ukurasa wa mteja hakuufungua. Asubuhi tatu, jioni tatu, wateja wakalipa mbiombio. Loth akajiambia uongo mdogo kama huo hauvunji hata kikombe.

Ukavunja shamba.

"Mama kule Myamba kanunua bando aone duka la mwanawe," Hedwiga alisema kwenye simu, sauti kavu. "Kila akitazama, zimebaki tatu. Akasema mwanangu ataaibika mjini. Ameng'oa tangawizi, Loth. Changa. Nusu ya shamba."

"Hakukupigia?"

"Tangu lini mama akaomba ruhusa ya kunisaidia? Ule mstari kaweka nani?"

Angeweza kuusingizia mtandao. Mtandao umezoea.

"Mimi."

Simu ikakatika.

Aliufuta mstari, akapanda mlima kutoka Same hadi Myamba kwa bodaboda. Shati lake jeupe lilifika likiwa na rangi ya njia. Redempta, mama yake Hedwiga, alikuwa ameketi kando ya rundo la tangawizi laini, zenye ngozi ya kitoto. Hedwiga kanuna mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa zimebaki tatu?"

"Ndimi. Nilidanganya, mama. Zilikuwepo tele. Naomba radhi."

Mama akavunja kipande. "Tafuna."

Akatafuna. Maji matupu, ukali hakuna.

"Ndivyo kinavyokuwa kitu cha haraka," mama alisema. "Shika jembe. Nusu iliyobaki ina magugu."

Alipalilia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hedwiga akapita na ndoo.

"Unalima kama unakuna mgongo," alisema, bila kucheka.

Akiba ya stoo ilipoisha, Loth aliandika ukurasani: Tangawizi mpya bado iko ardhini. Ukiweza kusubiri, acha jina na namba. Wengi waliondoka, akawaacha waende. Hedwiga hakuwa akipiga tena, na kila jioni Loth aliikodolea macho simu mezani, chakula kikipoa.

Jioni moja simu ikatoa mlio wa oda. Jina: Hedwiga. Chini, mahali pa maelekezo, ameandika:

"Nasubiri. Ila safari hii usije peke yako. Mama anasema uje na wazee wako. Na jembe ulete lako."