Wifi Alinivua Koti Kwenye Theluji

"Vua koti!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Tuko juu ya mlima, theluji magotini, baridi ya kupasua masikio... na wifi yangu ananiambia nivue koti!

"Wifi, utaniua!"

"Nimesema vua!"

Nilipokataa akanivua kwa nguvu. Kisha akashika sweta...

Jamani, nilitoa shahada kabisa!

Ngojeni niwaeleze tulifikaje huko.

Mimi ni mtoto wa Upanga, Dar, nimeolewa ughaibuni, Thornhill, kwenye nchi ya theluji, na mwaka haujatimia. Mume wangu, Wasi, ni mpole. Kazi iko kwa dada yake, Hawra. Hajawahi kunitukana, ila ana lile jicho la kunipima. Na shangazi mmoja alishaninong'oneza kwamba Hawra alitaka kaka yake amuoe shoga yake. Wifi wa hivyo utamgeuzia mgongo?

Sasa kina mama wa jumuiya yetu, pale mtaa wa Bathurst, wakapanga kupanda Kilimanjaro. Wote wakanigeukia mimi.

"Wewe si wa Tanzania? Mlima si wenu!"

Mlima gani! Mimi nimepanda ngazi za ghorofa tu. Nikaona aibu kukataa. Hawra, ambaye hupanda milima kila majira ya baridi, akasema atanifundisha. Jumamosi tukaendesha gari mpaka kwenye milima ya Collingwood.

"Umevaa sufu ndani, kama nilivyokwambia?"

"Ndiyo, wifi."

Uongo! Sufu inaniwasha. Nilivaa fulana na sweta la pamba, juu yake koti zito kama godoro.

"Ukisikia joto, sema. Ukisikia baridi, sema. Sawa?"

"Sawa, wifi."

Hatujafika mbali, nikatota jasho.

"Vipi, wifi?"

"Salama!"

Nyie mnajua malezi yetu. Mtu ana malaria, ukimuuliza hali anasema nzuri, ndipo aongeze "ila..." Na bibi harusi mbele ya wifi yake, hata hiyo "ila" haitoki.

Tuliposimama kunywa chai, jasho likawa barafu mgongoni.

"Hali?"

"Salama tu."

Vidole vya miguu sivisikii.

"Una hakika?"

"Sijambo, wifi. Twende."

Meno yakagongana. Halafu kutetemeka kukakoma kwenyewe, nikajisikia vizuri, nikatamani kukaa chini nilale...

Hawra akageuka, akanitazama usoni, akaingiza mkono mgongoni kwangu.

"Umelowa chapachapa! Mbona hukusema?"

Ndipo likaja lile la koti. Alinivua vyote vilivyolowa. Akanivika nguo zake kavu za akiba, koti lake, glavu zake. Langu lililolowa akalivaa yeye! Akanikokota kuteremka, akinisemesha njia nzima nisilale.

"Nitajie shangazi zako wote! Mmoja mmoja!"

Garini, joto liliponirudia, nililia.

"Wifi, nilidhani unaniua."

"Unaniogopa kiasi hicho? Uko radhi ufe kuliko kuniambia unasikia baridi?"

"Nilisikia ulimtaka shoga yako..."

"Nilimtaka, ndiyo! Lakini wifi yangu ni wewe."

Nikafuta machozi. Nikaona tu anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine kautia mfukoni.

"Wifi, mkono una nini?"

"Salama."

Hilo "salama" nalijua mimi!

Nikauvuta ule mkono. Vidole vyeupe kama mshumaa, vigumu. Na glavu zake nimevaa mimi...

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekataa kuzivaa."

Hospitali waliuokoa mkono. Lakini baadaye ncha ya kidole kidogo ilikatwa. Kila nikiiona, roho inaniuma.

Ndugu zangu mnaoanza kupanda milima, hasa wakati wa baridi: viatu na makoti mtanunua. Ila mkishindwa kumwambia mwenzenu "naumia", bakini nyumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Juzi kina mama waliniuliza kwenye grupu la WhatsApp kama niko tayari kwa Kilimanjaro. Nikaandika: "Naogopa."

Mmoja akajibu: "Hata mimi, dada."

Kisha mwingine. Kisha karibu wote.