Mota Iliyoshindwa na Ndege

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, Bisibisi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia chumba cha klabu ya ufundi, nyuma ya maabara, akasukumana na dirisha lililogoma kufunguka, akafuta vumbi mezani, ndipo akaanza kazi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu bisibisi haikumtoka mkononi. Hata kwenye foleni ya chakula alikuwa nayo nyuma ya sikio.

Muhula huo kazi ilikuwa moja: ndege ndogo ya povu gumu, ya kuruka kwa betri na kuongozwa kwa rimoti. Mwili na mabawa vilikuwa tayari. Zilibaki mota ya umeme, rafadha ya kuivuta ndege mbele, na kidhibiti, yaani kile kisanduku kidogo kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota kwa kiasi. Ndege ilitakiwa iruke siku ya wazazi. Mkuu wa shule alikwisha sema, akiwa amesimama mlangoni tu, kwamba klabu isiyo na cha kuonyesha itatoa chumba kiwe stoo ya viti vibovu.

"Viti vibovu vinapata chumba, watoto wazima hawapati," alisema baba yake Bisibisi aliposikia. Baba huyo alikuwa muuza nyama. Tangu mkewe afariki walibaki wawili tu nyumbani, yeye na bintiye, na hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye ofisi.

Mwalimu wa klabu aliwaagiza Bisibisi na mwenzake, Redio, waipime uzito ndege ikiwa na betri ndani kabla ya kwenda dukani kununua vifaa hivyo. Redio aliitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mizani ya maabara ilikuwa kabatini, na mwenye ufunguo hakuonekana. Bisibisi aliona uvivu kumsubiri. Aliilaza ndege kiganjani, kama alivyomwona baba yake akifanya na pande la nyama, akafumba macho.

"Gramu mia sita," alisema.

"Na betri je?"

"Betri nayo ina uzito gani wa kuzungumzia?"

"Haya, mtoto wa bucha kasema," Redio alijibu. "Mimi nani nibishe."

Mwalimu alipouliza kama wamepima, Bisibisi alijibu haraka, "Tumepima, mwalimu."

Dukani, dada muuzaji aliuliza swali lile lile kabla ya kugusa rafu. "Uzito wake, pamoja na betri?" Bisibisi akarudia mia sita. Dada akawapa mota ndogo inayozunguka kasi sana, kidhibiti chake na rafadha fupi. "Kwa uzito huo vinatosha," alisema. "Ikikataa kuruka rudini hapa. Msifunge rafadha ndefu zaidi kienyeji."

Ndege ilikataa. Ilikimbia uwanjani kama kuku anayefukuzwa, ikafika mwisho, ikaingia majanini kwa pua. Waliirudisha, ikakimbia tena, ikaingia majanini tena. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Wanafunzi waliokuwa wakitazama walianza kuhesabu kwa sauti, na mmoja akauliza kama ndiyo ya kukatia nyasi.

"Hii si ndege," Redio alisema. "Hii ni trekta yenye ndoto."

Bisibisi alikuwa amekwisha kuchoka kuchekwa. Alipekua sanduku la vipuri, akapata rafadha ndefu, akaifunga bila kumwambia mtu. Safari hii mota ilinguruma. Ndege ilivuta kwa nguvu, magurudumu yakaachana na ardhi kidogo, na roho ya Bisibisi ikapanda nayo. Kisha ikaja harufu kali, moshi ukatoka tumboni mwa ndege, na kila kitu kikanyamaza. Kidhibiti kilikuwa kimeungua.

Aliibeba ndege hadi buchani huku machozi yakimlenga. "Baba, wametuuzia mota mbovu."

Baba yake hakuhitaji zaidi. "Nilijua. Mtoto wa maskini auziwe takataka, mkuu wa shule aketi tu na kalamu yake mfukoni. Lete hiyo ndege. Leo tunaanza na duka, tukitoka huko tunaingia ofisini kwake." Alivua aproni, akainyakua ndege. Hapo hapo akasimama. Aliipandisha na kuishusha kiganjani.

"Ulimwambia muuzaji ina uzito gani?"

"Mia sita."

Baba alipangusa sahani ya mizani, akatandika gazeti safi, akaiweka ndege juu yake. Mshale ulipita mia sita bila hata kusalimia, ukapita na mia tisa, ndipo ukasimama.

"Mlipima wapi?"

Bisibisi alitazama sakafu. "Kwa mkono, baba. Kama wewe."

"Mimi nakisia ili mteja afurahi, kisha naweka kwenye mizani. Tangu umeanza kuja hapa, umeona mtu analipia kiganja changu?"

"Hapana."

"Na mwalimu ulimwambiaje?"

"Nilimwambia tumepima."

Baba aliketi kwenye kigoda. Maneno aliyokuwa amemwandalia yule dada wa dukani ilibidi ayameze, na usoni alionekana hayajashuka vizuri. "Kesho utamwambia mwalimu mwenyewe," alisema. "Mimi siji."

Kesho yake Bisibisi alisema yote mbele ya klabu, na ile rafadha ndefu pia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo dada wa watu alichagua sawasawa," alisema, "ila kwa ndege ambayo haipo. Nimekasirika, na leo nitashinda nimekasirika. Sasa shikeni ndege, tuanze upya."

Dukani Bisibisi alitaja uzito wa kwenye mizani. Mota ilikuwa bado nzima, dada akakubali kuibadilisha. Aliwapa kubwa zaidi, inayozunguka polepole lakini yenye nguvu ya kugeuza rafadha ndefu. "Ile ya mwanzo mliibebesha mzigo," alieleza. "Mota ya kasi ukiifunga rafadha ndefu, inakunywa umeme kupita kiasi, na kidhibiti ndicho kinachoumia." Kidhibiti kingine hakikuwepo. Redio alikunja uso, akaenda kung'oa cha mashua yake mwenyewe ya kuchezea, ya rimoti, kilichokuwa kikubwa kuliko kile kilichoungua. "Mashua yangu inastaafu," alisema. "Angalau iagwe na hotuba."

Waliifunga ndege kwenye mguu wa meza, wakaiwasha kwa nguvu zote. Bisibisi alisoma umeme kwenye mita, akarudia kusoma, kisha akaigusa mota. Ilikuwa na uvuguvugu tu.

Siku ya wazazi ndege ilikimbia, ikainuka, ikazunguka juu ya paa za madarasa. Mkuu wa shule alichukua kipaza sauti, akatangaza kwamba klabu itabaki na chumba chake. "Tumejitahidi sana," aliongeza.

"Tumejitahidi," baba alinong'ona. "Yeye kajitahidi kushika kipaza sauti."

Bisibisi alicheka. "Baba, si ungekwenda kumwambia siku ile?"

"Ningekwenda kumwambia nini, na uongo wetu mkononi? Angenicheka, na angekuwa na haki." Baba aliifuata ndege kwa macho ilipokuwa ikikata kona. "Sikiliza, mwanangu. Hao wakubwa wana makosa yao, na mimi nitayasema mpaka nizeeke. Lakini ukiwa na kosa lako, litangulize. Usiseme umepima kitu ambacho hukukipima, hata kama ni kidogo, hata kama una haraka. Mtu akikukuta na uongo mmoja, hata ukweli wako wote anautupa. Nami sitaki hao watupate kirahisi hivyo."