Karoti za Mghange

Kila asubuhi Mable alifagia ua upesi, kisha akashika njia ya shule akidundisha mpira wa voliboli. Wiki hiyo kila kitu kilimlemea. Chakula kilimtia kichefuchefu, ngozi ilimwasha, na chini ya mbavu upande wa kulia palimuuma. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama strungi, chai isiyo na maziwa. Hakumwambia mtu. Ijumaa timu ingepanda Wundanyi kwa mashindano, naye ndiye nahodha. Aachwe Voi? Thubutu!

"Mbona macho yako ni ya manjano?" mama yake, Evelyn, aliuliza.

"Ni karoti alizoleta nyanya kutoka kijijini Mghange, Mama. Nimekula nyingi mno."

Usiku aligaagaa kitandani kwa hofu.

Ijumaa wachezaji walisimama duara kando ya basi. Desturi yao ilikuwa kunywa maji kwa chupa moja kabla ya safari, nahodha akitangulia.

"Kunywa basi, kapteni, tunachelewa!" rafiki yake Auma alihimiza. "Leo hatuna Daisy. Amelazwa. Macho yake yamekuwa ya manjano kabisa."

Mable aliishusha chupa. Aliwatazama wenzake wakingoja zamu, akaona aibu kuu.

"Msinywe baada yangu," alisema, machozi yakimtoka. "Hata mimi ni mgonjwa."

Hospitalini, Daktari Okoth alimpima damu. Hakuwa na malaria.

"Karoti hugeuza rangi ya viganja, si weupe wa macho," alisema Evelyn alipomtajia karoti. "Umanjano ni dalili tu. Malaria ikiharibu damu, huweza kutokea. Jiwe likiziba njia ya nyongo, hutokea pia. Wewe virusi vimeshambulia ini lako. Mlikunywa maji gani?"

"Ya bomba lililopasuka karibu na uwanja."

"Pale watu wanapojisaidia vichakani? Uchafu uliingia mle. Na mgonjwa asiponawa mikono akitoka chooni, huwaambukiza wengine. Sasa pumzika, unywe maji yaliyochemshwa, na usimeze dawa yoyote bila kuniuliza."

Wachezaji wote walipimwa. Wundanyi hakwenda mtu. Mable alilia kwa uchungu, lakini baada ya wiki kadhaa macho yake yalitakata, na Daisy naye akarudi shuleni.

"Umenikasirikia, Mama?" Mable aliuliza.

"Kwa kuugua, hapana. Kwa kunificha, sana," Evelyn alijibu akimvuta karibu. "Mashindano yapo kila mwaka, mwanangu. Ini unalo moja. Mwili ukikuambia jambo, nami niambie siku hiyo hiyo."