Hesabu Aliyoiba Kabla Haijaiva

"Njia hii umeipata wapi?" Profesa aliuliza, miwani imemshuka puani.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi wa kutetea tasnifu, Chaki aliacha kupumua. Nitaje, alimwomba kimoyomoyo. Nitaje tu, nami nitakuokoa.

Bishoo, aliyesimama ubaoni, alinyoosha tai yake. Nyuma hakuangalia.

"Ni yangu, Profesa. Nimeihangaikia mwaka mzima."

"Hukusaidiwa na mtu?"

"Sikusaidiwa na mtu yeyote."

Mwongo mkavu, tena asiye na haya. Huyo Chaki aliyekaa nyuma, aliyepewa jina hilo kwa sababu mikono ya nguo zake haikosi vumbi la ubaoni, ndiye aliyemfundisha matriksi, yale majedwali ya namba, tangu siku zile Bishoo akiamini kwamba ukizizidisha, hata ukizibadilisha nafasi, jibu ni lile lile. Walikuwa chanda na pete. Mlango wa kabati la Bishoo ndio uliokuwa ubao wao. Chaki anaandika, Bishoo amelala kitandani anasikiliza na kumsifia. Njia ile ilizaliwa hapo. Shangazi yake Bishoo alikwisha anza kumwita Chaki mkwe.

Ndipo ikatangazwa nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, kwa yule ambaye tasnifu yake ingelishinda jopo. Wiki haijaisha, Bishoo akaonekana ameshikana mikono na binti wa mkuu wa idara. Chaki akapigwa kibuti kwa meseji:

"Tumefika mwisho, nakutakia kila la heri. Ile hesabu tuliifanya wote, kwa hiyo usije ukaleta fujo."

Alilia mpaka kichwa kikamuuma. Halafu hasira zikamrudisha kwenye hesabu yenyewe, na humo akaona tundu ambalo wote wawili hawakuliona wakati wa mapenzi. Akaliziba peke yake, akanyamaza.

Jana mchana Bishoo alimpigia simu, sauti imejaa asali, akiuliza kama kuna kitu alichosahau.

"Kipo," Chaki alimjibu. "Kesho waambie tulifanya wote, nami nitasimama nikitoe."

Bishoo aliahidi bila kusita. Alipokata simu, kumbe alikuwa ameshaamua kwamba hiyo ni janja ya mwanamke aliyeachwa.

Sasa, mle ukumbini, Chaki alinyoosha mkono.

"Nina swali dogo. Umesema njia yako inaigeuza kila matriksi iwe ya ulalo, namba zote za pembeni ziwe sifuri. Chukua ya mbili kwa mbili. Juu moja na moja, chini sifuri na moja. Tuoneshe."

Watu wakacheka, maana hilo lilionekana swali la mwaka wa kwanza. Binti wa mkuu wa idara, aliyekaa mbele akimrekodi mchumba wake kwa simu, naye akacheka. Bishoo akaanza kuandika kwa madaha. Njia ilidai apate mielekeo miwili tofauti ambayo matriksi ile haiipindi. Wa kwanza ulitoka mara moja. Akatafuta wa pili, ukatoka ule ule. Akafuta. Ukatoka ule ule tena.

"Wa pili uko wapi?" Profesa aliuliza.

"Unakuja, Profesa."

"Hauji," Chaki alisema. "Haupo. Na usipokuwepo, njia yako nzima haina pa kusimama."

Simu ya kurekodi ikashushwa taratibu. Bishoo akamtazama Chaki kwa mara ya kwanza siku ile, macho yakiomba. Chaki bado alimpenda, na hilo lilimuudhi kuliko usaliti wenyewe. Ila hakumwonea huruma. Profesa alipouliza kama kuna anayeweza kuirekebisha, alipita mbele, akachukua kifutio mkononi mwa Bishoo na kusafisha ubao wote.

"Ulalo ukikosekana, tunaridhika na pembetatu," alisema. "Sifuri zinabaki chini tu, na hiyo kila matriksi inaikubali."

Akaandika hatua zote bila kusimama. Profesa alimuuliza mambo matatu manne, akajibiwa, kisha akamwambia amfuate ofisini.

Bishoo alimkimbilia koridoni.

"Ulijua, ukaniacha nianguke."

"Nilijua. Na nilifurahi ulipoanguka."

"Tuandike pamoja basi. Jina lako litangulie. Mpenzi, yule mtoto wa mkuu nilimfuata kwa ajili ya kazi tu, moyoni hayupo."

Chaki alikuwa akiangalia nyuma ya bega la Bishoo, ambako binti wa mkuu wa idara alikuwa amesimama na koti la mchumba wake mkononi. Binti aliliweka koti lile sakafuni, bila kelele, akaondoka zake. Bishoo aligeuka, akaliona koti.

"Angalau niambie nitawaambia nini wanajopo," alisema kwa sauti ndogo.

"Njia iliyokamilika naiandika mimi, kwa jina langu," Chaki alisema. "Yenye tundu umeapa mbele ya watu kwamba ni yako na hukusaidiwa na mtu. Siwezi kukunyang'anya. Kaa nayo."

Machozi yalimtoka alipofika kwenye ngazi. Aliyafuta kwa mkono wenye chaki, akajipaka uso mzima, akabisha mlango wa Profesa.