Dakika Arobaini na Tano

Shoga yangu ni mhudumu wa ndege, na asije mtu hapa kuniambia eti alisinzia. Njia ile ameiruka miaka sita: kilomita mia tatu na themanini, dakika arobaini na tano, basi.

Asubuhi hiyo rubani alikuwa amejikata kidevuni akinyoa, akabandika plasta. Shoga yangu akamtania, "Kaka, shemeji kakukwaruza?" Wakacheka, wakaruka.

Katikati ya safari waliingia kwenye wingu. Ndani kukawa giza totoro. Injini zikanyamaza, ikabaki sauti ya kitu kikikwaruza bati kwa nje, taratibu, kutoka mkiani kwenda mbele. Shoga yangu alihesabu mikwaruzo mpaka elfu mbili, akapoteza hesabu, akaanza upya, akapoteza tena. Kisha mwanga ukarudi, wakatua.

Ofisini msimamizi alimsogezea fomu ya safari. "Andika arobaini na tano, dada. Saa zote zinasema hivyo."

"Hizo ni saa zenu. Mimi nilikuwa humo ndani. Siandiki, na mkitaka nifukuzeni."

Msimamizi akainamisha kichwa. "Muulize rubani, basi."

Rubani alisimama dirishani, amewapa mgongo. "Andika tu, dada," alisema.

"Geuka unitazame, ndipo uniambie."

Akageuka. Plasta ya asubuhi ilikuwa ikining'inia katikati ya ndevu zilizofika kwenye kola, nyingine zimeshaota mvi.